Kapu la Leso Mlangoni mwa Kanisa

Kwa miaka ishirini na minane nilisimama mlangoni mwa kanisa letu hapa Kitale nikiwa na kapu la leso. Wengine hupewa kazi ya kuimba, wengine ya kuomba. Mimi nilipewa ya kufunika. Msichana akija na suruali, au na sketi iliyoishia juu ya goti, nilimwita kando, nikachukua leso, nikamzungushia kiunoni, nikafunga fundo upande wa kushoto, nikamwambia karibu nyumbani kwa Bwana. Ibada ikiisha ananirudishia, au anaiacha kwenye meza iliyo kando ya mlango. Jumamosi nilizifua zote, nikazianika kwenye ua wa michongoma, jioni nikazipiga pasi ya makaa. Ilikuwa kazi ndogo na sikuwahi kuionea aibu.

Nasema hivyo mapema kwa sababu najua hadithi za namna hii huishia wapi siku hizi. Mama mkali wa kanisa anatubu, anavaa jinzi, watu wanapiga makofi. Mimi sitavaa jinzi. Bado naamini kwamba mtu anayekwenda mbele za Mungu ajitayarishe, maana hata kwa chifu hatuendi na nguo ya shambani. Ila nimechoka. Na kilichonichosha kuliko vyote ni kwamba binti yangu, mtoto wangu wa pekee, hajakaa kando yangu kanisani kwa miaka sita, na ni mimi niliyemfunga leso iliyomtoa.

Kazi yenyewe niliirithi. Mama yangu aliianza kule Naitiri nilipokuwa mtoto, wakati sketi fupi zilipoingia na wazee wakatangaza kwamba dunia imefika mwisho. Dunia haikufika popote, lakini mama alipewa kapu. Nilipoolewa Kitale nikaanza kufundisha shule ya msingi, alikuja kunitembelea, akaliona kanisa letu, akaniambia na huku kapu linahitajika. "Mlango uwe wa mwanamke," alisema. "Mwanaume akisimama hapo atawafukuza. Wewe utawafunika ndio waingie." Maneno hayo nilikuja kuyabeba nusu. Nilishika kufunika, kuingia nikasahau.

Leso nilizinunua Bungoma mjini, kwa mama mmoja Mwislamu aliyekuwa na duka karibu na msikiti. Nilimwambia nataka doti saba, nitazikata nipate leso kumi na nne, na nikamweleza ni za nini. Alicheka mpaka akashika kaunta.

"Sisi mtu hujifunika kwao kabla hajatoka, mwalimu. Nyinyi mnamngoja mlangoni?"

"Anayekuja hajajua bado," nilimjibu.

"Haya. Na wanaume wenu mnawafunika na nini?"

Nilimwambia wanaume wetu huja na suti. Alinitazama, akacheka tena, akanifungia mzigo wangu kwa gazeti. Swali lake nililiona la mzaha tu, nikalisahau mpaka lilipokuja kunirudia miaka mingi baadaye.

Miaka hii ya karibuni mambo yalikuja kwa kasi. Zamani jambo jipya lilifika Kitale likiwa limezeeka, limepitia Nairobi na Eldoret, na sisi tulikuwa tumeshaliombea. Sasa linafika asubuhi kwenye simu ya mtoto kabla mama hajawasha moto. Vijana wetu walianza kupungua. Wengine walihamia kanisa la hema kule kando ya barabara, lenye taa za rangi na ngoma unazisikia kifuani. Wengine hawakuhamia popote, walilala tu. Waliobaki walikuja na simu badala ya Biblia, na ukimwambia mmoja afungue Mathayo hujui amefungua nini.

Wazee wa kanisa wakaita mkutano. Tulikaa tangu saa tatu asubuhi mpaka chai ikapoa kwenye birika. Mzee mmoja, ambaye ndiye aliyekuwa akituongoza, alisoma orodha ya yale yaliyotuvamia: wanaoishi pamoja bila ndoa, kucha za kubandika, mawigi ya nywele za wafu, watoto wanaowajibu wazazi hadharani kwenye mitandao, wanaouliza kwa nini watoe sadaka. Mengi nilikubaliana naye. Nimefundisha watoto maisha yangu yote, najua mtoto asiyewekewa mpaka huumia. Azimio likapita kwamba tusimame imara. Lakini nilipoangalia vizuri, kusimama imara kwa wazee kulikuwa na maana kwamba mimi nisimame mlangoni.

Jumapili iliyofuata nilifika mapema. Yule mzee mwenyewe alikuja akasimama hatua mbili nyuma yangu, mikono mgongoni, kuona azimio likitekelezwa.

Kulikuwa na mama mmoja mgeni, mwuza vitunguu, aliyekuwa ametoka Cheptais kuja kutafuta maisha Kitale. Hiyo ilikuwa Jumapili yake ya tatu kwetu. Rinda lake lilikuwa limepasuka upande, nikamfunga leso. Alinishukuru, akaenda kukaa nyuma.

Ibada ilikuwa imeshaanza nilipomwona msichana anakuja mbio kutoka kwenye geti, begi mgongoni. Alikuwa binti yangu. Alikuwa mwaka wa pili chuo kikuu Nairobi, nami nilimtarajia Jumatano. Alikuwa amepanda basi bila kuniambia, akashuka mjini, akaja moja kwa moja kanisani ili anishtue. Alinyoosha mikono anikumbatie.

Macho yangu yalikwenda kwenye miguu yake kabla ya kwenda kwenye uso. Kwa jambo hili sitajisamehe. Alikuwa amevaa suruali ya bluu iliyombana, na nyuma yangu nilimsikia mzee akikohoa kidogo. Nikachukua leso.

"Mama," alisema, "ni mimi."

"Hata kama ni wewe."

Nilimfunga pale pale mlangoni, begi likiwa bado mgongoni mwake, na nilikaza fundo kuliko ninavyowakazia watoto wa wengine, ili asiwepo wa kusema nina upendeleo. Viti vya nyuma vyote viligeuka. Alikwenda kukaa karibu na yule mama wa vitunguu, na nilipogeuka tena mahubiri yakikaribia mwisho, nafasi zote mbili zilikuwa wazi.

Nyumbani sikumkuta. Kulikuwa na ujumbe kwenye simu: "Nimerudi Nairobi. Niko sawa, usijali."

Jioni nilihesabu leso. Zilikuwa kumi na tatu. Iliyopotea ilikuwa ya kahawia, yenye maua ya korosho, na pembeni ilikuwa na alama ya ncha ya pasi. Niliiunguza mwenyewe siku binti yangu aliponipigia simu kuniambia amepata nafasi ya chuo kikuu. Niliruka kwa furaha nikaisahau pasi juu yake.

Mtu atashangaa kwamba sikumfikiria binti yangu. Lakini sikumfikiria hata kidogo, kwa sababu kwa akili yangu mwizi alikuwa mgeni, na mgeni tulikuwa naye mmoja. Jumatatu nilikwenda mpaka kwenye chumba alichopanga yule mama nyuma ya soko. Nilimwuliza mbele ya majirani kama hakuondoka na leso ya kanisa.

Alinitazama kwa muda mrefu. Nilifikiri ni mwizi anayetafuta uongo. Kisha akaingia ndani akaanza kutoa vitu vyake nje, kimoja kimoja. Sufuria tatu, godoro, nguo za watoto. Gunia la vitunguu akalimwaga chini.

"Angalia, mwalimu," alisema. "Angalia zote. Yenye mlinipea niliacha kwa meza."

Leso haikuwamo. Mmoja wa majirani akanitolea mguno. Nilisema basi labda iliangukia njiani, nikaondoka nikimwacha anaokota vitunguu. Sikumwomba msamaha. Hakurudi kanisani tena, na nilipomwambia mzee habari hiyo alisema walio wetu hubaki.

Miezi miwili baadaye alikuja mheshimiwa mbunge. Walikuja na magari mengi, vumbi likaingia mpaka kwenye madhabahu, na katika msafara wake kulikuwa na mwanamke mmoja mwenye suruali inayong'aa kama mkia wa samaki. Mimi, mtumishi wa azimio, nikainama kwenye kapu. Nilihisi mkono begani. Alikuwa yule yule mzee.

"Mama, reo wacha tu," alisema kwa ile lafudhi yetu ya Bungoma. "Weka hiyo kitu chini ya meza."

Nikaiweka. Mheshimiwa akapewa kipaza sauti akasema uongo kwa nusu saa mbele ya msalaba. Alikuwa na suti safi sana. Hapo ndipo swali la yule mama wa dukani liliponirudia, na nilikaa mlangoni nikiwa na hasira ambayo sikujua niipeleke wapi. Nilipaswa kuacha kazi siku ile. Sikuacha. Jumamosi nilifua leso kama kawaida, kwa sababu mazoea yana taabu, na kwa sababu kama ningekubali kwamba leso inaweza kuwekwa chini ya meza, ningemwambia nini binti yangu?

Tusidhani kwamba alinikataa. Anapiga simu kila wiki. Krismasi anakuja, ananiletea dawa za miguu na viatu laini. Lakini Jumapili nikivaa kitambaa changu cha kichwa yeye anafunga aproni. Ninarudi ninamkuta amepika chapati na ndengu, amefagia uwanja, na ananiuliza ibada ilikuwaje kama mtu anavyouliza habari za nchi nyingine. Namwambia ilikuwa nzuri. Siku ile ya leso hatukuitaja hata mara moja. Mchungaji alipohubiri juu ya wazazi waliopoteza watoto kwa dunia, watu walinitazama kwa huruma, nami nikatazama chini, kwa maana nilijua dunia haikumwita. Nilimsukuma.

Mama yangu hakuniacha nipumzike. Kila nilipokwenda Naitiri kumwona, hata alipoanza kusahau jina la marehemu mumewe, alikumbuka kuuliza, "Mtoto ameingia?" Alitaka kujua kama ameingia kanisani.

"Bado, mama."

"Sasa wewe unafanya nini mlangoni?"

Alifariki mwaka huu, mahindi yakiwa yametoa mbelewele. Tuliuchukua mwili Bungoma asubuhi, tukaupeleka kwenye kanisa lake kabla ya kuupeleka nyumbani. Watu walikuwa wengi. Mimi niliyefiwa nilipaswa kukaa mbele, lakini miguu ilinipeleka mlangoni bila kuniuliza, nikasimama pale alipokuwa akisimama yeye. Sikuwa na kapu.

Binti yangu alifika akitoka Nairobi, amevaa shati jeusi na suruali nyeusi. Akina mama wa kanisa waliokuwa karibu nami walinigeukia wote kwa pamoja. Walikuwa wamesikia habari zetu, na walitaka kuona nitafanya nini kwenye maziko ya mama yangu mwenyewe. Mikono yangu haikujua mahali pa kukaa. Niliomba tu asigeuke akarudi.

Alisimama mbele yangu, akafungua mkoba, akatoa leso. Akajizungushia mwenyewe na kufunga fundo kushoto, kama ninavyofunga mimi.

"Hii najifunga kwa ajili ya kukhu," alisema kwa sauti ya chini. Alimaanisha bibi yake. "Si kwa ajili yako, mama."

Akapita. Ilikuwa ya kahawia, ya maua ya korosho. Alipogeuka kwenda kukaa kwenye benchi la wajukuu niliiona alama ya pasi pembeni. Mahubiri ya maziko ya mama yangu siwezi kukwambia yalihusu nini. Mimi nilikuwa naona gunia la vitunguu linamwagwa.

Tulipomaliza kuzika alinifuata nyuma ya jiko, akanipa leso ikiwa imekunjwa vizuri.

"Siku ile nilitoka nayo hata sikujua, mpaka nikafika steji ya mabasi," alisema. "Halafu nikaona aibu kuirudisha. Rudisha kwa kapu."

Nilitaka kumshika mkono. Nilitaka kumwambia kwamba alipokuja mbio kutoka kwenye geti alikuwa kitu kizuri kuliko vyote nilivyoviona mwaka ule, na kwamba niliangalia miguu. Nikasema, "Asante." Habari za mama wa vitunguu sikumwambia, niliona haya. Jioni hiyo alirudi Nairobi na waliokuja naye.

Wiki moja baadaye niliichukua leso nikaenda sokoni Kitale. Sikuwa na hakika kama yule mama wa vitunguu bado yupo. Nilimkuta upande wa mboga, sasa ana meza yake na mwavuli mkubwa, amenenepa kidogo, nywele zimeanza mvi. Aliniona kabla sijamwona.

"Mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba." Nilitoa leso nikaiweka juu ya meza, katikati ya vitunguu na nyanya. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi njiani na yote yalipotea. "Imepatikana," nilisema. "Alikuwa nayo binti yangu. Nimekuja kukuomba msamaha."

Hakuiangalia leso. Alikuwa anaondoa maganda makavu kwenye vitunguu, na mikono yake haikusimama.

"Nilijua ako nayo," alisema.

"Ulijuaje?"

"Si nilimwona. Siku hiyo nilitoka mapema niwahi soko, nikampata hapo kwa geti, ameshika hiyo leso kwa mdomo, analia. Nikambebea begi mpaka steji. Tulikaa na yeye mpaka gari ikajaa."

"Sasa mbona hukuniambia? Ulitoa vitu vyako vyote nje. Uliniacha niku... mbele ya watu."

Hapo ndipo aliponitazama. Hakuwa na hasira. Aliniuliza kama mtu anayetaka kujua kweli.

"Ningekuambia, ungemfanya nini?"

Niliichukua leso mezani nikaanza kuikunja upya.

"Ulikuwa umekasirika sana, mwalimu," aliendelea. "Nikasema wacha ikuwe mimi. Mimi si mtoto wako. Mimi utanisahau."

Na kweli nilikuwa nimemsahau, mpaka leso iliporudi. Nilisimama pale watu wananipita na vikapu vyao, mtu mzima nalia sokoni, mwalimu wa nusu ya mji huu. Aliniletea kigoda. Nilimwambia achukue leso awe nayo, akakataa kabisa.

"Mimi hapana. Mpelekee mwenyewe." Kisha akauliza, "Amerudi kanisa?"

"Bado."

Nilinunua vitunguu kilo moja, maana sikujua jinsi nyingine ya kuondoka. Akaniongezea viwili juu, kama unavyomwongezea mtu aliyefiwa, na nilikuwa nimefiwa kweli.

Nilipofika nyumbani nilimpigia binti yangu. Aliuliza kwanza nani mgonjwa, kwa sababu mimi huwa simpigii, hunipigia yeye. Nikamwambia hakuna mgonjwa. Nikamweleza habari yote ya mama wa vitunguu, gunia, majirani, kila kitu. Nikamwambia kwamba siku yoyote atakayokuja Jumapili, aje vile atakavyokuja.

"Na kapu?" aliuliza.

"Kapu litakuwa mezani. Anayetaka atachukua. Mimi sitakuwa mlangoni."

"Utakuwa wapi?"

"Ndani. Nitakuwekea nafasi."

Alisema ataona. Kwa mtoto wangu hilo si ndiyo, lakini si hapana.

Wazee hawakufurahi. Walinikumbusha azimio, wakaniuliza kama na mimi nimechukuliwa na dunia. Niliwaambia naamini yote niliyoamini, ila mlango nimeulinda vya kutosha, na kama kuna mzee anayeona kazi hiyo ni muhimu, meza iko pale na leso zimefuliwa. Hakuna aliyejitokeza.

Huu ni mwezi wa pili sasa ninakaa benchi la nne, upande wa dirisha. Sikio langu moja bado linasikiliza geti. Mkoba wangu nauweka kwenye nafasi iliyo kando yangu, na leso ya kahawia imo ndani yake. Kanisa likijaa, mtu huja akasimama kwenye njia, akauliza kama hapo pana mtu. Namwambia pana mtu.